Uzi maalum: Dick Gould, kocha wa tenisi aliyekaa Stanford miaka 38 na kubeba ndoo 17. Karibuni tumjadili

Mzee wa Raketi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Jukwaa hili toka asubuhi ni Simba na Yanga, Yanga na Simba, acha leo nilete kitu tofauti kidogo, asiyependa tenisi apite kimya kimya bila matusi tafadhali.

Huwa tunabishana sana humu nani kocha bora wa muda wote, na kila mtu anataja makocha wa mpira. Mi leo nawaletea mzungu mmoja anaitwa Dick Gould. Huyu alikuwa kocha wa timu ya wanaume ya tenisi pale chuo kikuu cha Stanford, California. Aliingia mwaka 1966 akatoka 2004. Misimu 38 chuo kimoja, timu moja. Kabla ya hapo alikuwa anafundisha chuo kidogo cha jirani kinaitwa Foothill, na mwenyewe ni zao la Stanford, alisoma hapo hapo.

Ndani ya hiyo miaka alishinda mechi 776 akapoteza 148. Piga hesabu, ni kama asilimia 84. Ubingwa wa taifa wa vyuo, ule wa NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani), alibeba mara 17: 1973, 1974, 1977, 1978, 1980, 1981, 1983, 1986, 1988, 1989, 1990, 1992, 1995, 1996, 1997, 1998 na 2000.

Sasa watu wakisikia Stanford wanamtaja John McEnroe, yule staa wa tenisi wa dunia, wanafunga mjadala, oh alikuwa na McEnroe ndo maana. Wakuu, McEnroe alikaa pale mwaka MMOJA. Kaja akiwa ametoka kufika nusu fainali ya Wimbledon 1977 akiwa kinda wa miaka 18 aliyeanzia kwenye mechi za mchujo, akachezea chuo msimu wa 1978, akabeba ubingwa wa timu na wa mchezaji mmoja mmoja, akaondoka kwenda kutafuta hela. Ndoo moja kati ya 17. Na mwaka kabla hajafika, 1977, Stanford walishakuwa mabingwa bila yeye, tena bingwa wa mmoja mmoja mwaka huo alikuwa Matt Mitchell wa hapo hapo Stanford. Yani McEnroe anafika chuoni anamkuta bingwa wa nchi nzima anamsubiri mazoezini.

Hoja yangu ni hii, nataka tuijadili hiyo na sio majina: kocha wa klabu akipata kikosi kizuri anaweza kukaa nacho miaka nane, kumi, akizeeka mmoja anabadilisha mmoja. Kocha wa chuo kila mwaka wa masomo ukiisha anapigwa panga, wanaohitimu wanaondoka wapende wasipende, na wale wakali zaidi wanaondoka hata kabla ya kuhitimu. Hakuna mkataba wa kuongeza, hakuna dirisha dogo. Huyu mzee amejenga timu ya ubingwa upya na upya na upya kwa karibu miaka thelathini. Hapo ndo napompa heshima.

Angalieni tena hiyo orodha ya miaka niliyoweka, angalieni mapengo. Kuanzia 1973 mpaka 2000 hakuna hata mara moja Stanford walikaa miaka mitatu mfululizo bila ndoo. Pengo refu kabisa ni miaka miwili, ni 1975 na 1976, 1984 na 1985, alafu 1993 na 1994. Maana yake kijana yeyote aliyekaa kwenye ile timu misimu mitatu katika kipindi hicho hakutoka kapa. Yeyote. Hata yule wa benchi aliyekuwa anaokota mipira.

Karibuni.

---

Kisiki77

Mkuu uzi mzuri ila ngoja nikupinge kidogo. Stanford ni chuo cha matajiri, California jua mwaka mzima, viwanja vya kisasa, wazazi wenye hela wote wanataka mtoto wao asome pale. Weka hata mimi pale nabeba ndoo tano. Kocha bora ni yule anayeshinda na timu mbovu.

---

Mzee wa Raketi

Kisiki77 nilijua tu utakuja, na nimefurahi umekuja mapema.

Kabla ya Gould, Stanford walikuwa hawajawahi kubeba huo ubingwa wa timu toka ulivyoanza rasmi 1946. Jua lilikuwepo. Hela zilikuwepo. Waliokuwa wanatamba ni jirani zao wa kusini, USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, hao ndo walikuwa wanagawana makombe na Stanford wanaangalia. Yeye mwenyewe imemchukua misimu saba kufika. Hakuja akakuta meza imepakuliwa.

Na usajili wake wa kwanza mkubwa unafundisha. Alimfuata dogo mmoja kutoka Tennessee huko, Roscoe Tanner, mkono wa kushoto, sevu yake (ule mpira wa kuanzishia) ilikuwa bunduki. Kumtoa mtoto Tennessee na kumleta California ya kaskazini wakati USC na UCLA wapo haikuwa kazi ndogo. Tanner alifika fainali ya vyuo 1970 akafungwa na Jeff Borowiak wa UCLA, 1971 akafika tena akafungwa na Jimmy Connors, naye wa UCLA. Unaona kibao kilivyokuwa kinasoma? 1972 akabeba ya wawili wawili na Sandy Mayer, ila timu ikazidiwa na Trinity ya Texas. Tanner akaondoka bila ndoo ya timu. Mwaka uliofuata, 1973, Mayer akashinda kila kitu na Stanford wakafungua akaunti. Aliyebomoa mlango hakuingia ndani. Baadae Tanner alikuja kubeba Australian Open ya Januari 1977 na kucheza fainali ya Wimbledon 1979 dhidi ya Bjorn Borg wakaenda seti tano, kwa hiyo msimwonee huruma sana.

---

Dada wa Mbezi

Samahani mi mgeni kwenye huu mchezo, naangaliaga tu Wimbledon kwa sababu ya nguo nyeupe 😂 naomba kuuliza, tenisi si mchezo wa mtu mmoja? timu inachezaje tenisi? na kocha anafanya nini uwanjani wakati nimesikia kocha haruhusiwi kuongea?

---

Mzee wa Raketi

Dada wa Mbezi swali zuri sana na nadhani wengi hawajui wanaona aibu kuuliza.

Tenisi ya chuo ni dunia nyingine kabisa. Timu mbili zinakutana, viwanja sita vimepangwa bega kwa bega, na mechi zinachezwa kwa wakati mmoja. Wanaanza wawili wawili, mechi tatu, alafu zinakuja za mmoja mmoja, mechi sita. Zamani ilikuwa kila mechi ni pointi, jumla tisa, wa kwanza kufika tano kashinda, ndo maana ukisoma matokeo ya fainali za enzi hizo unakuta 5–4, 5–2. Miaka ya tisini wakabadilisha, zile tatu za wawili wawili zote kwa pamoja zinatoa pointi moja tu, ukijumlisha na sita za mmoja mmoja ni saba, ukifika nne umemaliza.

Sasa kocha wa chuo anaruhusiwa kuongea na wachezaji wake wakati mechi inaendelea, miaka yote hiyo ambayo kwenye tenisi ya kulipwa kocha alikuwa anakaa jukwaani amefunga mdomo. Kwa hiyo fikiria kazi yenyewe: vijana wako sita wapo viwanja sita, mmoja anaongoza, mmoja amevunja raketi, mmoja msuli umeshika, na wewe una miguu miwili. Unaenda kukaa na nani kwenye benchi wakibadilisha upande? Unakaa na yule wa kwanza ambaye ni staa, au na yule wa namba sita ambaye pointi yake ina uzito ule ule na ya staa? Hapo ndo kocha anaonekana. Namba sita akishinda ni pointi moja, namba moja akishinda ni pointi moja. Ndo maana McEnroe peke yake hawezi kukupa ubingwa, kwenye mmoja mmoja anakupa moja tu, hata acheze vipi.

Na kelele! Wachezaji wa timu nyingine wanapiga makofi, mashabiki wanazomea, sio ile ya Wimbledon unakohoa watu wanakugeukia.

---

Dada wa Mbezi

Ahaaa sasa nimeelewa asante sana mkuu. kumbe inakaribia netiboli kwa kelele

---

msomaji_kimya

Nimekuwa msomaji humu sijawahi kuchangia ila leo umenigusa. Kwenye hiyo ya 1978 ongezea fainali ya McEnroe na John Sadri wa North Carolina State. Ile ilichezwa Athens, ile ya Georgia Marekani sio ya Ugiriki. Matokeo 7–6, 7–6, 5–7, 7–6. Seti nne, tatu zimeisha kwa taibreka (gemu ya kuamua seti ikifika 6–6). Sadri hakuwa na jina kubwa ila siku ile alikuwa anamtwanga McEnroe sevu mpaka huruma. Ukiangalia hizo namba unaona kabisa kama mipira michache ingedondoka upande mwingine leo hii tungekuwa hatusemi McEnroe bingwa wa vyuo.

---

Mzee wa Raketi

msomaji_kimya kumbe tupo wengi, tatizo mnajificha.

Hapo hapo Athens kuna stori nyingine. Fainali za vyuo zilikuwa zinachezwa Athens mfululizo toka 1977 mpaka 1989, uwanja wa nyumbani wa chuo cha Georgia. Na Georgia walikuwa na mzee wao anaitwa Dan Magill, kocha toka 1955 mpaka 1988, ushindi 706, mzee wa maneno mengi balaa, kwa sababu kazi yake nyingine pale chuoni ilikuwa habari na matangazo ya michezo. Yani kocha na msemaji wa klabu ni mtu mmoja. Magill ndo alifanya watu wa Georgia, watu wa futiboli ya Kimarekani, wajae kwenye tenisi na kupiga kelele kama wapo uwanja wa mpira.

Gould katika hizo fainali za Athens alibeba nane. Nane, ugenini, kwa watu wanaokuzomea ukikosea sevu. Ile ya 1989 fainali ilikuwa dhidi ya Georgia wenyewe kwao, 5–3. Kisiki77 hapo jua la California lilisaidia nini?

---

Kisiki77

Hahaha sawa hapo umenipiga moja. Ila bado. Ukiwa na kikosi unashinda popote. Mi nauliza alifundisha nini? Alikuwa na mbinu gani? Maana hao wote uliowataja walikuja wakiwa wanajua tenisi tayari, Tanner alikuja na bunduki yake, McEnroe alikuja na uchawi wake, hata wale mapacha Bob na Mike Bryan waliokuja baadae walifundishwa na wazazi wao toka wana miaka miwili. Yeye kazi yake ilikuwa kufungua geti la uwanja?

---

chuma_cha_pua

^^ hapa Kisiki kaongea, mleta uzi jibu hii usiruke ruke

---

Mzee wa Raketi

Siruki. Na nitakushangaza, nakubaliana na nusu ya hilo swali.

Ni kweli hakumfundisha McEnroe kupiga sevu. Nani angethubutu? Ile sevu ya McEnroe ukiiona kwenye kitabu cha makocha ni kosa, mgongo kaupa wavu, miguu imekaa kama anataka kuchota maji. Kocha mwenye kiherehere angeanza kuirekebisha siku ya kwanza. Gould aliiacha, na kujua kipi uguse na kipi usiguse nayo ni mbinu, waulizeni wachezaji wetu wangapi wameharibiwa na makocha waliotaka kila mtu acheze kama wao walivyocheza zamani.

Ila kazi yake kubwa wakuu ilikuwa nje ya mistari. Kwanza usajili. Kwa miaka mingi sheria za NCAA zilikuwa zinaipa timu ya tenisi ya wanaume skolashipu NNE NA NUSU tu. Timu nzima! Wanawake walikuwa na nane. Una wachezaji nane, tisa, kumi, na mfuko wa skolashipu nne na nusu. Kwa hiyo unakatakata, huyu nusu, huyu robo, huyu mwambie baba yake alipe yote. Na Stanford ada yake mnaijua. Na juu ya hapo kijana lazima apite kwa watu wa udahili, sio kocha akisema huyu nampenda basi kaingia, pale hata ukipiga sevu ya kutoboa ukuta kama cheti chako ni cha kuunga unga wanakurudisha. Sasa kaa na mzazi sebuleni kwake umwambie mwanao ni bora nchi nzima, USC wanampa yote, mimi nampa nusu, naomba umlete kwangu. Na wanakuja! Miaka thelathini wanakuja.

Pili, alifanya tenisi ya chuo iwe kitu cha kwenda kuangalia. Miaka ya sabini alichukua mechi kubwa za Stanford na wale wakali wa Los Angeles akazipeleka ndani ya Maples Pavilion, ukumbi wa mpira wa kikapu, usiku, watu wananunua tiketi, maelfu wanajaa. Tenisi ya chuo, ambayo vyuo vingine ilikuwa inaangaliwa na wapenzi wa wachezaji na mtu wa kufyeka nyasi. Tatu ni hela. Viwanja vile vizuri unavyoviona leo pale Stanford, Taube Tennis Center, havikushuka kutoka mbinguni, ni michango ya wafadhili, na yeye alikuwa mtu wa mbele kwenye kuomba. Kocha wa chuo Marekani ni kocha, ni katibu, ni mweka hazina, ni baba mlezi.

Kwa hiyo ndio Kisiki77, alikuwa anafungua geti. Ila na geti lenyewe alilijenga.

---

Otis wa Milimani

Wasee nimepita kutoka Kenya huku. Huu uzi ni moto bana. Wacha niongeze kidogo upande wetu. Hii njia ya tenisi ya chuo Marekani si ya wazungu pekee, Paul Wekesa wetu alipitia hiyo hiyo. Alichezea Chattanooga, chuo kiko Tennessee, na cheki maajabu, hiyo ndiyo sehemu Roscoe Tanner alikotoka. Wekesa akaenda mpaka karibu nafasi ya 100 duniani akicheza pekee yake, na mataji ya wawili wawili juu. Mpaka wa leo hatujapata mwanaume mwingine wa kufika hapo.

Na sasa Angella Okutoyi. Alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka wa 2022 na yule msichana wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, kisha akaenda Auburn kule Alabama. Watu walilia sana hapa mtandaoni ati amepotea, ati angeenda moja kwa moja kucheza za kulipwa. Mimi nasema alifanya vizuri sana. Kusafiri kucheza zile mashindano ndogo ndogo ni pesa nyingi, ndege, hoteli, kocha, kila wiki nchi nyingine, na ukitolewa raundi ya kwanza unapata pesa ya lanchi tu. Chuo kinakupea kocha, daktari, gym, masomo, na mechi za nguvu kila wiki. Akaenda Accra kwa All Africa Games Machi 2024 akamtoa Mayar Sherif wa Misri nusu fainali na akachukua dhahabu. Hiyo ni kupotea?

---

Mzee wa Raketi

Otis hapo umeniongezea nondo, hiyo ya Chattanooga nilikuwa sijaiunganisha kabisa.

Na umegusa kitu muhimu kuhusu Gould. Enzi zake wengi waliona chuo ni kituo cha kusubiria basi. Tim Mayotte, kijana wake mwingine, alitoka pale na ubingwa wa 1981 akaenda kuchukua medali ya fedha ya Olimpiki Seoul 1988. Patrick McEnroe, mdogo wake John, yeye alikaa miaka yake yote akamaliza, akafika nusu fainali Australia 1991, baadae akawa nahodha wa Marekani kwenye Davis Cup (mashindano ya timu za taifa) walipobeba 2007, na kwenye hicho kikosi wawili wawili walikuwa nani? Bob na Mike Bryan, nao wa Stanford, nao wa Gould. Nahodha na jozi yake wote wamepita kwa mzee mmoja. Hao Bryan walikaa misimu miwili tu, 1997 na 1998, ndoo mbili, na Bob 1998 akabeba tatu kwa mpigo, ya mmoja mmoja, ya wawili wawili na pacha wake, na ya timu. Alex O'Brien naye alifanya hivyo hivyo 1992. Timu ya 1998 haikufungwa mechi hata moja, 28–0.

Jumla vijana wake kumi tofauti walibeba ubingwa wa mmoja mmoja wa vyuo. Mayer, Whitlinger, Mitchell, McEnroe, Mayotte, Goldie, Palmer, O'Brien, Bob Bryan na Alex Kim. Nimewaandika kwa kukumbuka kichwani kwa hiyo mnisifie.

---

Mchumi Tumbo

Kuna kitu kimoja hamjakigusa. Ubingwa wa zamani wa timu haukuwa kama wa sasa. Mpaka 1976 timu ilikuwa inapata pointi kutokana na wachezaji wake wanavyosonga kwenye mashindano ya mmoja mmoja na wawili wawili. Hakukuwa na timu kukutana na timu kwenye fainali. 1977 ndo wakaanza timu kwa timu. Kwa hiyo zile ndoo mbili za 1973 na 1974 ni za mfumo mwingine, ukiwa na mastaa wawili watatu unabeba. Mfumo mpya unataka kina, unataka namba tano na namba sita wazuri.

Na nani kabeba ya kwanza ya mfumo mpya? Stanford hao hao, 1977, 5–4 dhidi ya Trinity. Huyo mzee alishinda kwa sheria za zamani, sheria zikabadilishwa, akashinda na hizo. Alafu miaka ya tisini zikabadilishwa tena pointi zikawa saba, akabeba nne mfululizo 1995 mpaka 1998. Raketi alianza nazo za mbao akamaliza na za grafaiti. Mi nadhani hii ni hoja nzito kuliko hiyo ya mapengo ya mleta uzi.

---

Mzee wa Raketi

Mchumi Tumbo heshima kwako mkuu, hii inaenda ukurasa wa kwanza.

---

Kisiki77

Sawa nimesoma yote. Wamemsifia mpaka nimeanza kumpenda. Ila nina swali moja la mwisho na hili mtanijibu kwa jasho. Mmesema Stanford sio hela wala jua, ni yeye. Upande wa WANAWAKE je? Maana nimegugo hapa. Stanford wanawake wana ndoo za NCAA 20. Frank Brennan alibeba kumi, akaja Lele Forood toka 2001 naye akabeba kumi. Hao hawakuwa na Gould. Viwanja ni vile vile, jina la chuo ni lile lile. Kwa hiyo ni chuo au ni kocha? 😏

---

chuma_cha_pua

duuuh 🍿🍿

---

Dada wa Mbezi

mimi nimekaa mkao wa kula

---

Mzee wa Raketi

Hili ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu na sitaki kulijibu kwa ujanja ujanja.

Kwanza kidogo, kabla ya Brennan timu ya wanawake ilifundishwa na Anne Gould, mke wa Dick, kuanzia 1976, na walibeba ubingwa wa taifa wa wanawake 1978 kabla NCAA haijaanza kusimamia michezo ya wanawake. Kwa hiyo Gould wapo pande zote mbili za nyumba, ila sitang'ang'ania hapo, Brennan na Forood kazi yao ni yao.

Ukweli ni kwamba chuo kinasaidia sana. Ila angalia upande wa wanaume. Ndoo zote za wanaume Stanford ni 17. Za Gould ni ngapi? 17. Zote. Kabla yake sifuri, baada yake sifuri. Aliyemrithi 2004 ni John Whitlinger, yule yule bingwa wa 1974, mtu aliyekaa pembeni ya mzee kama msaidizi miaka na miaka, anajua kila kitu cha pale, na mzee mwenyewe alibaki pale pale kama mkurugenzi wa tenisi kwa zaidi ya miaka kumi. Whitlinger kafundisha miaka kumi, hakuna ndoo. 2014 akaja Paul Goldstein, huyu alikuwa mchezaji wa Gould aliyekaa miaka minne akabeba ndoo nne, 1995 mpaka 1998, hajawahi kujua ladha ya kukosa. Hajabeba bado. Jua lipo, hela zipo zaidi ya zamani, damu ni ya mzee.

---

Mchumi Tumbo

Hapo mleta uzi unabana kona kidogo. Dunia imebadilika kwa wanaume. Enzi za Gould timu yake ilijaa Wamarekani, na timu nyingi kubwa hivyo hivyo, na Marekani ilikuwa inazalisha mabingwa wa dunia kama njugu. Sasa hivi ukiangalia timu za juu za vyuo unakuta Mfaransa, Mhispania, Muitaliano, Muajentina, watu wa miaka 22, 23 wameshacheza mashindano ya kulipwa. Chuo chenye masharti magumu ya udahili kinabanwa. Virginia, USC, Wake Forest, TCU, hao ndo wanagawana. Kumlaumu Whitlinger na Goldstein kwa hilo ni uonevu. Hata Gould mwenyewe, angalia, toka 2001 mpaka anaondoka 2004, hakubeba. Ile kanuni yako ya "hakuna aliyekaa miaka mitatu akatoka kapa" ilikufa akiwa bado yupo kwenye kiti.

---

Otis wa Milimani

Hiyo nayo ni kweli. Lakini wasee, pia tukubali mtu wa miaka sitini na kitu akikimbizana na vijana sebule za watu kila mwaka atachoka. Aliondoka mwenyewe, hakufukuzwa. Huku kwetu angekuwa amefukuzwa 2001 na mashabiki wakichoma tairi.

---

Mzee wa Raketi

😂😂 Otis umeua.

Mchumi Tumbo sikatai. Miaka minne ya mwisho ilikuwa mikavu na hilo lazima lisemwe. Ila hebu tulinganishe kwa haki, misimu 28 toka 1973 hadi 2000, ndoo 17. Nipe kocha yeyote wa mchezo wowote ambaye kwenye kazi yake ukichomoa miaka 28 mfululizo unakuta amebeba zaidi ya nusu. Wapo, najua utaniletea wa mieleka na wa riadha, walete tu.

Kuhusu chuo au kocha, jibu langu ni kwamba chuo kinampa kocha nafasi ya kushinda, ila hakimlazimishi. Wanawake walipata Brennan, wakapata Forood, bahati yao wamepata makocha wawili wa kiwango hicho wakifuatana. Wanaume walipata mmoja.

---

Kisiki77

Hilo ni jibu la mwanasiasa. Mabingwa makocha watatu chuo kimoja, alafu unaniambia ni bahati? Mi nabaki pale pale, asilimia 60 chuo, 40 kocha. Nimempandisha kutoka 10, shukuruni.

---

msomaji_kimya

Kuna dogo wangu ana miaka 15 anacheza vizuri, alianza kwa kuokota mipira gimkana. Otis au mleta uzi, hizi skolashipu zinapatikanaje, lazima awe na nafasi duniani?

---

Otis wa Milimani

Si lazima awe staa. Acheze mashindano ya vijana ya ITF (shirikisho la tenisi la dunia) akiweza, awe na rekodi ya UTR (alama za kupima kiwango cha mchezaji), maana makocha wa chuo hiyo ndiyo wanaangalia kwanza, arekodi video ya mechi nzima si ile ya kukata kata na muziki, na asome, kabisa asome. Na aandikie makocha wengi, si Stanford na zile kubwa pekee, kuna vyuo vidogo vingi vinahitaji mchezaji wa namba tano na sita. Pia usikize, sheria za skolashipu zimebadilika 2025, ile ya nne na nusu haipo tena kwa vyuo vilivyokubali mfumo mpya, sasa wanahesabu idadi ya wachezaji kwenye timu. Kwa hivyo uliza kila chuo kivyake.

---

Mzee wa Raketi

Na barua pepe aandike mwenyewe dogo, sio wewe mzazi. Makocha wanaijua barua ya mzazi kutoka mstari wa kwanza.

---

Dada wa Mbezi

jamani na mimi wangu ana miaka 6 nimuanzishe lini 🙋🏾‍♀️

---

Kisiki77

Kesho asubuhi. Ila kwanza mtafutie chuo 😂